Tshiela Haitwi kwa Mbali

Mtu akikuambia haogopi msitu, muulize kwanza alikuwa wapi wakati wa vita. Akisema alikuwa Lubumbashi au Kinshasa, mwache ajisifu, hana kosa. Tshiela alikuwa humo humo msituni, upande wa njia ya Lokandu, na mpaka leo, mama mzima mwenye watoto wanaoota ndevu, ukimwita jina lake kwa mbali haitiki.

Si kwamba hasikii. Sisi wa mtaa wa Mikelenge tulimbandika jina la Mama Kiziwi, na lilikuwa jina la uongo mtupu, maana mwanamke huyu husikia tone la kwanza la mvua kwenye bati la jirani kabla jirani mwenyewe hajashtuka. Anauza mikate ya kukaanga karibu na reli. Simama mbele yake useme, "Mama Tshiela, nipe ya moto," atacheka na kukuchagulia iliyovimba vizuri. Lakini mwite kutoka ng'ambo ya barabara, "Tshiela eeh!", utaona mabega yanapanda mpaka masikioni na macho yanatafuta pa kujificha. Wageni humdhania ana maringo. Mumewe Florentin, mtu wa reli, nusura amkose kwa ajili hiyo. Siku za uchumba alikuja akamwita kutoka barabarani, na msichana akaingia nyuma ya jiko akachuchumaa huko mpaka bwana akaenda zake akijua amekataliwa. Ilibidi shangazi amkimbilie.

"Yule haitwi," shangazi akamwambia. "Yule unamufuata mpaka karibu, unamugusa bega."

Florentin akajifunza, na watoto wakajifunza. Wanapiga makofi langoni pa nyumba yao wenyewe kama wageni.

Chanzo chake ni hiki. Baba yake Tshiela alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, akafia hapa Kindu kabla ya vita, akamwachia mama Misenga watoto wawili: Tshiela, na kaka yake Kanyinda, kijana mwenye sauti nzito aliyeimba kanisani mpaka madirisha yakatetemeka. Vita vya pili vilipofika mjini, mama Misenga alifunga unga, chumvi na sufuria, akaingia msituni pamoja na majirani. Tshiela alikuwa bado hajavunja ungo.

Huko msituni sheria ilikuwa moja, nayo haikuletwa na serikali yoyote: hakuna majina. Wenye bunduki walikuwa wamebuni ujanja. Wakimkamata mtu aliyetoka kutafuta mihogo, hawamuui papo hapo. Wanamtembeza mbele yao aite ndugu zake. Mtu anasikia sauti ya shemeji yake, anatoka mafichoni kwa furaha, na nyuma ya shemeji amesimama yule aliyemleta. Kambi ya kwanza ya kina Tshiela iliangamia hivyo. Waliosalimika walihamia ndani zaidi, na mama Misenga akawaweka watoto wake chini.

"Humu muntu hana jina," akawaambia. "Ukisikia wanakuita, weye umeshakufa. Mufu haitiki."

Chumvi ilipokwisha, Kanyinda akasema atakwenda kuitafuta. Mama akakataa, yeye akaenda vilevile, kijana ni kijana. Alipokuwa hayupo mtu mmoja akaona moshi usio wao, na kambi ikahama tena. Kwa hiyo Kanyinda aliporudi, alikuta majivu baridi na hakuna mtu.

Walimsikia kabla hawajamwona. Kwa kweli hawakumwona kabisa. Walisikia tu ile sauti ya kanisani ikija katikati ya miti, ikisema ni yeye: "Mama! Tshiela! Tshiela eeh! Njo mimi! Nimeleta chumvi!"

Tshiela alifungua mdomo aitike, na kiganja cha mama yake kikaufunga. Mama alimlaza kifudifudi katika mangungu, yale majani mapana ya kufungia kwanga, mkate wetu wa muhogo, akamkandamiza mpaka puani ikabaki harufu ya majani na udongo tu. Tshiela aliuma kile kiganja. Mama hakukiondoa. Alimnong'oneza sikioni, "Nani iko nyuma yake? Uniambie, nani iko nyuma yake?"

Sauti ikapita karibu, karibu sana, ikaelekea mtoni. Ikaita tena, ikawa nyembamba, ikanyamaza. Hawakusikia risasi. Hawakusikia kitu. Kanyinda hakuonekana tena, si msituni, si mjini, si kati ya waliorudi wala kati ya waliozikwa.

Methali inasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sawa. Nyumba ya mama Misenga iliogopa inavyotakiwa, na kilio kilikuja vilevile. Mama alikufa miaka mingi baadaye kitandani pake, na katika miaka yote hiyo hakulitaja jina la mwanawe. Tshiela naye hakumuuliza. Angemuuliza nini? Kama Kanyinda alikuwa na watu nyuma yake, basi mama alimwokoa mtoto aliyebaki. Kama alikuwa peke yake, basi walimwacha mtoto wao apite akiwaita. Tshiela aliishi na hayo mawili, moja likilala jingine linaamka.

Sasa tuje kwenye miti, maana vita vilikula na miti. Mji ulipozingirwa na njia zikafungwa, nani angethubutu kwenda mbali kutafuta kuni? Watu walikata walichokiona. Walianza na miti ya barabarani, wakaja ya viwanjani, wakamalizia na ule msitu mdogo wa bondeni, kando ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu. Hatukukata kwa ubaya. Watoto walitaka kula. Ila mvua haijali ulikata kwa sababu gani. Bonde likaanza kuporomoka. Kila masika lilimeza kitu: choo cha huyu, migomba ya yule. Mwaka juzi lilichukua jiko la Tshiela, pamoja na kikaangio chake kikubwa, na ukingo ukabaki hatua chache kutoka ukuta wa chumba wanacholala watoto.

Ndipo agronomu Blaise, mtaalamu wa kilimo, alipokuja kutangaza mafunzo. Watu wa kujitolea, hakuna malipo, mje na jembe na moyo. Tutajifunza miti ya kwetu, alisema, siyo mikalitusi inayokunywa kijito chote, na tutalirudisha bonde lilivyokuwa. Vijana wengi walisikia "hakuna malipo" wakakumbuka shughuli nyingine. Waliobaki walikuwa hasa akina mama wa ukingoni, na mzee mmoja mkali wa kazi, Okito, aliyekuwa mshona viatu. Tshiela alijiandikisha kwa sababu ya ule ukuta. Rafiki yake Françoise, muuza samaki wa kukaushwa, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, alijiandikisha kwa sababu Tshiela amejiandikisha.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Walijenga vitalu chini ya makuti, wakajaza udongo kwenye vifuko, wakajifunza kwamba mti wa kombo-kombo hutangulia kwa sababu hukua haraka na kuwapa wenzake kivuli, na kwamba mvule ukiupanda juani unanuna. Tshiela alikuwa na mkono mzuri kwa miche. Akawa mtu wa kucheka. Kisha Blaise akasema sasa imefika zamu ya mti wa limbali. Mbegu za limbali haziwekwi akiba, zikikauka zimekufa. Lazima uzifuate chini ya mti mama na kuzipanda zingali mbichi. Na limbali kubwa zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu, kule juu ya njia ya Lokandu.

"Tutaingia kwa mustari," Blaise akawaambia. "Kila mara nitaita jina. Nikiita, unaitika 'Niko!' Muntu akipotea humo, kumupata ni kazi. Asiyeitika, nisameheni, sitamuingiza tena musituni."

 Tshiela alimvuta Françoise pembeni. "Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Kuitika."

Françoise alijua rafiki yake haitwi kwa mbali. Mtaa mzima ulijua. Hakujua sababu, na kwa mdomo wake wote hakuwahi kuiuliza. "Basi mimi njo nitakuwa mukia wako," akasema. "Nitakuwa karibu. Nitakugusa bega. Mimi siwezi kukuita, unanisikia? Hata nyoka aniume, sitakuita."

Kwa ahadi hiyo Tshiela alikwenda.

Waliingia msituni asubuhi, jua limeshapanda, magunia mabegani. Wengine walikuwa wakipiga soga. Tshiela alikuwa akitazama chini, kisha nyuma, kisha chini. Harufu ilimjia kwanza, ile harufu ya mangungu yaliyokanyagwa, na miguu yake ikataka kugeuka yenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu hakuwekewa ung'ongo, alirudishwa kwenye shimo la nyoka mwenyewe. Blaise akaanza kuita. Okito? Niko! Nathalie? Niko! Tshiela?

Tshiela aligeuka kutazama nyuma.

"Yeye iko!" Françoise akadakia.

Zamu ya pili ikawa hivyo hivyo. Zamu ya tatu Blaise akasimama, akarudi nyuma mpaka walipo. Hakuwa mtu wa ukali. "Mama Tshiela," akasema, "mimi siiti mama Françoise. Ninaita weye." Tshiela alifungua mdomo kumwonyesha kwamba anataka. Hakikutoka kitu. Aliona aibu, na chini ya aibu hofu ilikuwa palepale, haijasogea.

"Tuokote kwanza," Blaise akasema. "Tutaona."

Wakatawanyika chini ya limbali. Maganda yake yalikuwa yamepasuka, mbegu pana za hudhurungi zimelala kwenye majani makavu, na kazi ikamtuliza Tshiela kidogo. Aliinama, akaokota, akaendelea. Françoise aliona mti mwingine mbele wenye mbegu nyingi zaidi, akasema ninakwenda pale tu, unaniona. Kweli alimwona, kitambaa chake chekundu kikipanda na kushuka. Kisha upepo ukaingia juu ya miti, msitu ukawa giza kama umefunikwa kikapu, mvua ikaanza kupiga majani. Tshiela alipoinua kichwa, kitambaa chekundu hakikuwepo.

Ndipo alipoisikia.

"Tshiela! Tshiela eeh! Njo mimi!"

Alianguka chini kabla hajajua ameanguka. Gunia lilimponyoka. Alitambaa nyuma ya gogo bovu, akajisukuma ndani ya mangungu, uso chini, magoti tumboni, mama mwenye miaka arobaini na kitu akiwa mdogo tena. 

"Tshiela! Kuya! Njo mimi, Françoise!"

Ilikuwa sauti ya Françoise ikimwita aje, hilo hakulitilia shaka. Hata ile nyingine hakuwahi kuitilia shaka. Na hapo hofu, ambayo ni fundi wa hesabu zake yenyewe, ilimpangia mambo sawasawa. Françoise aliahidi hataniita. Hata nyoka amuume. Françoise anajua mimi siitwi. Kama ananiita, basi haiti kwa hiari yake. Basi kuna mtu anamlazimisha. Nani iko nyuma yake?

Alichungulia chini ya majani akitafuta viatu vya jeshi. Aliona mvua. Aliona mizizi ambayo ingeweza kuwa viatu. Aliomba Mungu sauti ile inyamaze, ndiyo, aliomba hivyo, rafiki yake anyamaze ili wasimpate yeye.

"Tshiela... maji! Maji inaingia!" Sauti ilikatika, ikarudi ikiwa nyembamba. "Tshiela..."

Ikanyamaza.

Sasa palikuwa na mvua peke yake. Tshiela alikijua kimya kile. Aliishi nacho tangu utoto, alikula nacho, aliolewa nacho. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeacha kuita kwa sababu ameona hakuna wa kuitika. Alitaka kuinua kichwa, akahisi kile kiganja bado kimeshika mdomo wake, kinakandamiza kama siku ile, na alitaka kukiuma. Akakitazama. Kilikuwa na makovu ya mafuta ya moto. Kilikuwa kiganja chake mwenyewe.

Akakiondoa.

"Niko," akasema. Hata mchwa wa kwenye gogo hawakusikia. Akajaribu tena, "Niko," na safari hii ikatoka na kikohozi. Hakuna aliyejibu. Akainuka, akaanza kwenda kule ilikotoka sauti, akiinama, akisimama nyuma ya kila mti, akingojea risasi. Sitaki mtu aniambie huo haukuwa ushujaa. Kwake yeye wenye bunduki walikuwepo. Alikwenda huku anajua wapo.

Hakuwakuta. Alikuta shimo. Watafuta dhahabu kutoka upande wa Kampene waliwahi kupita huko, wakachimba, wakakosa, wakaondoka bila kufukia, na majani yakafunika mdomo wa shimo. Françoise alikuwa ndani, mguu mmoja umepinda vibaya, maji ya mvua yakiporomoka kutoka ukingoni na kumfika kifuani. Alikuwa ameshika mzizi kwa mikono miwili, macho amefumba. Alikuwa hai.

Tshiela alilala kifudifudi, akafungua kitenge chake, akakiteremsha, akamwambia ajifunge chini ya makwapa. Akauzungushia upande wa pili kwenye shina la mti. Kisha akainua kichwa na kufanya jambo ambalo sisi wa Mikelenge hatungeliamini kama tusingeliambiwa na watu waliokuwepo.

"Blaise! Okito! Nathalie! Blaiseee! Kuyeni!"

"Niko!" ikaitika upande wa kijito. "Niko!" ikaitika juu. "Tunakuya! Ita tena, mama, ita tena!" Msitu uliitika pande zote, na Tshiela, ambaye hakuwahi kuusikia ukiitika, alishtuka akakaribia kuachia kitenge.

Walipokuwa wanakuja, Françoise alifumbua macho. "Nimekuita mpaka sauti inakwisha," akasema. "Ulikuwa wapi?"

 Tshiela aliinama mpaka uso wake ukakaribia maji. "Nani iko nyuma yako?" akauliza.

"Nyuma yangu? Iko udongo! Weye uko na kichaa?"

"Hakuna muntu alikulazimisha? Uniambie kweli. Ulikuwa peke yako?"

"Na nani tena, mama?" Françoise alianza kulia, kwa maumivu na kwa hasira. "Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa ninakuita kwa sababu nilikuwa peke yangu!"

Okito, aliyefika wa kwanza, anasema alimkuta Tshiela ameshikilia kitenge kwa nguvu zake zote na analia kilio cha msibani, kile chenye maneno, na neno lenyewe lilikuwa moja tu. Chumvi. Alikuwa akisema, "Alituletea chumvi. Alituletea chumvi." Okito hakuelewa. Alidhani ni jambo la shimo.

Walimtoa Françoise, wakakata miti miwili, wakamlaza kwenye magunia. Mbegu waliziweka miguuni pake, zile zilizobaki. Mvua ilipungua. Blaise alitaka kuhakikisha hakuna mwingine aliyebaki nyuma, akasimama njiani akaita majina upya, moja moja. Okito? Niko. Nathalie? Niko. Alipofika jina lile alisita. Alitaka kuliruka.

"Tshiela?" akaita, polepole.

"Niko!"

Watu waligeuka. Alikuwa ameitika, lakini hakuwa amemtazama Blaise. Alikuwa amewapa kisogo, ameelekea kule walikotoka, kule ambako ardhi inateremka kwenda mtoni.  Hofu haikuwa imemtoka, hata leo haijamtoka.

"Niko!" akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Niko hapa! Njo mimi, Tshiela! Niko!"

Akaendelea kuitika, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha, mpaka Françoise akanyoosha mkono kutoka pale alipolazwa, akamgusa bega.